Muundi Unapovunjika Chini ya Goti Bandia

Muundi ndio mfupa mnene kati ya mifupa miwili ya mguu chini ya goti. Karibu uzito wote wa mwili hupita humo. Fibula, mwenzake mwembamba wa upande wa nje, hubeba sehemu ndogo tu. Mtu anapotembea mwendo wa kawaida, goti lake hupokea nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wake, na kwa kila hatua nguvu hiyo hushukia kichwa cha muundi. Goti likichakaa na kubadilishwa, kichwa hicho ndicho kinachokatwa na kuvikwa chuma. Kwa hiyo mvunjiko unaotokea hapo baadaye huleta matatizo mawili kwa pamoja: mfupa umevunjika, na kiungo bandia kilichokaa juu yake huenda kimelegea. Matibabu yote hutegemea swali moja: je, goti bandia bado limeshika mfupa?

Jibu la swali hilo linaweza kupatikana Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, na hatua nyingi zinazookoa mguu zinaweza kuchukuliwa hapo hapo. Kubadilisha upya goti lililolegea ni jambo jingine: ni upasuaji wa vituo vikubwa, na wagonjwa wa Sudan Kusini wanaouhitaji husafiri. Kutofautisha mvunjiko unaotibika nyumbani na ule unaohitaji safari ndiyo kazi ya kwanza ya daktari anayempokea mgonjwa wa aina hii.

Goti bandia linavyokaa juu ya muundi

Katika upasuaji wa kubadilisha goti, daktari hukata tabaka la milimita 8 hadi 10 hivi kutoka kichwa cha muundi ili apate uso ulio bapa. Juu ya uso huo huketishwa kitako cha chuma, aghalabu cha titani au cha mchanganyiko wa kobalti na kromu. Chini ya kitako hutokeza shina fupi linaloingia katikati ya mfupa ili kitako kisiyumbe, na juu yake hupachikwa kipande cha polietilini, plastiki ngumu yenye uso laini, kinachochukua nafasi ya gegedu. Ncha ya fupa la paja nayo huvikwa chuma kilichopinda. Magoti mengi hugandishwa kwa saruji ya mifupa, ambayo huchanganywa palepale chumba cha upasuaji na kukauka baada ya dakika chache. Muundo huu ulishika mizizi baada ya 1974, pale John Insall na wenzake wa Hospital for Special Surgery, New York, walipoanza kutumia goti lililobadilisha nyuso zote za kiungo kwa pamoja. Magoti mengi ya leo yametokana na hilo.

Ujenzi huu unaeleza kwa nini mvunjiko wa hapa ni mgumu kutibu. Kwanza, mfupa ulio chini ya kitako ni wa sponji. Nguvu yake iko kwenye ganda la nje, na ganda lenyewe hapo juu ni jembamba. Pili, shina la chuma halipindiki kama mfupa unavyopindika, kwa hiyo mkazo hukusanyika pale shina linapoishia. Tatu, kitako kinafunika mlango wa juu wa mfereji wa uboho, na hivyo kuziba njia ambayo madaktari huitumia kila siku kupitishia msumari wanapotibu muundi usio na goti bandia. Nne, upande wa mbele na wa ndani wa muundi hauna msuli. Ukipitisha kidole kwenye ugoko unaugusa mfupa chini ya ngozi tu, na ngozi hiyo tayari ina kovu la upasuaji wa kwanza. Ikichanika au ikioza, chuma hubaki wazi.

Kinachouvunja

Baadhi ya mivunjiko hutokea kwenye meza ya upasuaji wenyewe, wakati mfupa unapochimbwa kutayarisha nafasi ya shina, wakati kitako kinapogongwa kiketi, au wakati kiungo cha zamani kinapong'olewa ili kubadilishwa. Mingi hutokea baadaye. Mzee hujikwaa usiku akienda msalani, au hukosea ngazi. Katika miji ya Afrika Mashariki huongezeka ajali za bodaboda, ambazo Juba inazo kwa wingi: abiria huanguka ubavu, pikipiki ikamlalia mguu, na muundi ukapokea nguvu kubwa kuliko ile ya kuanguka kwa kawaida.

Nyuma ya ajali mara nyingi kuna mfupa uliokwisha kudhoofika. Udhaifu wa mifupa wa uzeeni, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi, hupunguza unene wa ganda. Baridi yabisi na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi hufanya vivyo hivyo. Goti lililowekwa likiwa limeelemea upande mmoja hukandamiza upande huo siku zote, mpaka mfupa ulio chini yake ukabonyea. Vumbi laini linalotoka kwenye polietilini inayosagika huamsha seli zinazokula mfupa kando ya saruji, na mashimo hutokea bila mgonjwa kujua. Mwisho kuna maambukizi ya chinichini, ambayo hulegeza kiungo pole pole na kuufanya mfupa uvunjike kwa kishindo kidogo. Mtu aliyevunjika muundi kwa kuinuka tu kitini achunguzwe kwa dhana kwamba goti lake lilikuwa na kasoro kabla ya siku ile.

Mivunjiko hii haitokei mara nyingi. Ile ya fupa la paja juu ya goti bandia huonekana zaidi. Lakini kadiri watu wengi wanavyowekewa magoti na kuishi nayo miaka mingi, ndivyo na ya muundi inavyozidi kufika hospitali.

Makundi manne

Mwaka 1997 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, wakiongozwa na Felix, walichapisha mpangilio wa mivunjiko 102 ya muundi iliyotokea kando ya goti bandia. Mivunjiko 83 ilitokea baada ya upasuaji, na 19 ndani ya upasuaji wenyewe. Mpangilio wao bado unatumika kwa sababu unamwelekeza daktari moja kwa moja kwenye matibabu.

Kundi la kwanza ni mvunjiko wa kichwa cha muundi, unaofika kwenye kitako cha chuma. Ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, mivunjiko 61. Kundi la pili, mivunjiko 22, ni mvunjiko ulio kando ya shina. Kundi la tatu, mivunjiko 17, ni mvunjiko ulio chini ya shina, kwenye mwili wa mfupa. Kundi la nne ni mvunjiko wa kinundu cha mbele ya muundi, pale kano ya kilegesambwa inaposhikilia. Mivunjiko ya kundi hili ilikuwa miwili tu.

Kila kundi hupewa herufi. A maana yake kiungo bandia bado ni imara. B maana yake kimelegea. C ni mvunjiko uliotokea wakati wa upasuaji. Namba inasema mfupa umevunjika wapi, na herufi inasema goti limekuwaje. Kati ya hayo mawili, herufi ndiyo yenye uzito zaidi katika kuamua mgonjwa atibiwe wapi na kwa njia gani.

Saa za kwanza

Kabla ya picha yoyote, mguu unaangaliwa kwa macho na kwa vidole. Mapigo ya mshipa hutafutwa juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani, kisha hulinganishwa na ya mguu mzima, kwa maana mshipa mkubwa wa damu hupita nyuma kabisa ya goti na unaweza kuchanwa na kipande cha mfupa. Mgonjwa huombwa ainue wayo na kidole gumba kuelekea kwake. Akishindwa, neva inayozunguka shingo ya fibula imeumia. Yote huandikwa pamoja na saa ya uchunguzi, ili mabadiliko ya baadaye yaonekane.

Hatari inayoua misuli haraka ni damu na uvimbe kujaa ndani ya vyumba vya misuli ya mguu, ambavyo kuta zake hazitanuki. Dalili yake ya kwanza ni maumivu yasiyolingana na jeraha, yanayozidi vidole vya mguu vinapovutwa, na ambayo dawa haitulizi. Mapigo kupotea ni dalili ya mwisho, na anayeisubiri hiyo amechelewa. Tiba ni kupasua kuta za vyumba hivyo vyote vinne ndani ya saa chache, na hospitali yoyote yenye chumba cha upasuaji inaweza kuifanya. Mgonjwa mwenye dalili hizi hapandishwi ndege, anapasuliwa alipo.

Mvunjiko wenye jeraha la wazi hupewa antibiotiki ya mshipa mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja, na kinga ya pepopunda. Jeraha huoshwa kwa maji mengi safi, nyama iliyokufa hukatwa, na uchafu hutolewa wote. Kwa mwenye goti bandia usafi huu una maana kubwa kuliko kawaida, kwa kuwa vijidudu vikifika kwenye chuma hujijengea utando ambao antibiotiki hazipenyi, na mara nyingi goti lote hulazimika kung'olewa.

Mguu hunyooshwa taratibu na kufungwa banzi linaloanzia katikati ya paja mpaka kwenye vidole. Wahazigi wa jadi, ambao familia nyingi huwaendea kwanza, wanaweza kusaidia kwa kuufunga mguu usitikisike na kumleta mgonjwa hospitali. Kukanda, kuvuta kwa nguvu na kukaza vijiti juu ya muundi wenye goti bandia kumewahi kugharimu miguu, maana bendeji iliyokazwa huzuia damu wakati uvimbe ungali unaongezeka.

Kujua kama goti bado limeshika

Swali la kiungo kulegea huanza kujibiwa kwa mazungumzo. Mgonjwa huulizwa goti lilikuwaje mwezi mmoja kabla ya ajali. Kama lilikuwa likiuma kila anapoanza kutembea kisha likapoa, kama mguu ulikuwa umeanza kupinda, kama lilikuwa likivimba au likitoa majimaji kwenye kovu, basi huenda kiungo kilikuwa kimelegea tangu zamani. Kama alikuwa akienda sokoni na kurudi bila shida, uwezekano mkubwa ni kwamba kiungo kilikuwa imara mpaka siku ya ajali.

Kisha huja eksirei, ya mbele na ya ubavuni, ikionyesha muundi wote kutoka goti hadi kifundo. Daktari hutazama mstari mweusi kati ya saruji na mfupa, na kama ni mpana au umezunguka shina lote, ni dalili mbaya. Hutazama pia kama kitako kimezama upande mmoja. Picha moja haitoshi kusema kama kitako kimehama. Lazima ilinganishwe na ya zamani. Hapo ndipo thamani ya picha za zamani inapoonekana. Mtu aliyefanyiwa upasuaji Nairobi, Kampala, Khartoum, Cairo au India na kurudi Juba anapaswa kuwa na picha ya siku chache baada ya upasuaji, hata kama ni picha iliyopigwa kwa simu na kuhifadhiwa na mwanawe.

Karatasi nyingine ndogo ina thamani hiyo hiyo. Kila sehemu ya goti bandia hutoka kiwandani ndani ya boksi lenye vibandiko vyenye jina la mtengenezaji, aina ya goti, saizi, upande wa kulia au kushoto, na namba ya toleo. Baada ya upasuaji vibandiko hivyo hubandikwa kwenye faili la mgonjwa. Vipande vya mtengenezaji mmoja kwa kawaida haviingiliani na vya mwingine, na hata polietilini ya saizi tofauti ya kiwanda kilekile inaweza isikae. Nakala ya vibandiko, ikiwa mikononi mwa mgonjwa, humwepusha daktari wa upasuaji wa pili na kubahatisha, na wakati mwingine huamua kama kitako kizuri kitabaki au kitang'olewa bila sababu.

Maambukizi nayo hutafutwa. Vipimo vya damu vya uvimbe hupanda kwa sababu ya mvunjiko wenyewe, hivyo peke yake havithibitishi kitu. Kipimo chenye nguvu ni kuvuta majimaji ya goti kwa sindano, katika usafi wa chumba cha upasuaji, kuhesabu chembe nyeupe na kuotesha vijidudu, tena kabla ya antibiotiki kuanza pale ambapo hakuna jeraha la wazi. Homa katika mji wenye malaria kama Juba huleta mtego wake. Kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, daktari bado hana budi kufungua bendeji na kuliangalia goti, maana magonjwa yote mawili yanaweza kumpata mtu mmoja wiki moja.

Tiba bila kisu

Mvunjiko ambao haukusogea, wenye kiungo imara, unaweza kupona ndani ya plasta, ile ambayo wengi huiita hogo. Hii ndiyo tiba ya wengi wa kundi la kwanza A, na ya kundi la tatu A pale mfupa unapokaa sawa baada ya kunyooshwa. Plasta huanzia juu ya paja mpaka vidoleni, goti likiwa limekunjwa kidogo tu. Eksirei hurudiwa baada ya wiki moja na tena ya pili, kwa sababu vipande vya mfupa huteleza uvimbe unapopungua na plasta kulegea. Mgonjwa hakanyagi kwa wiki 6 hadi 8, kisha huongeza uzito kidogo kidogo akitumia magongo.

Kinundu cha mbele hupimwa kwa jambo rahisi: mgonjwa anaweza kuinua mguu ulionyooka kutoka kitandani? Akiweza, na kipande hakijasogea, mguu hufungwa ukiwa umenyooka kwa wiki 6 hivi. Akishindwa, kano ya kilegesambwa imepoteza shikio lake na lazima ikazwe kwa skrubu au waya, la sivyo hatapanda ngazi tena.

Hali ya hewa ya Juba huathiri tiba hii. Mwezi wa Februari na Machi joto hupita nyuzi 37, jasho hujaa ndani ya plasta, ngozi ya mzee hulainika na kuchubuka, na kidonda chini ya plasta juu ya goti bandia ni mlango wa maambukizi. Msimu wa mvua, kati ya Aprili na Oktoba, jasi iliyolowa hupoteza ugumu. Plasta ya faiba hustahimili zaidi inapopatikana. Malalamiko ya kuungua au harufu mahali pamoja ni sababu ya kukata dirisha kwenye plasta siku hiyo hiyo.

Bamba, msumari na kiunzi cha nje

Vipande vilivyosogea huhitaji chuma. Katika muundi wa kawaida, chaguo la kwanza la hospitali nyingi za Afrika ni msumari unaopita ndani ya mfupa. Shirika la SIGN, lililoanzishwa 1999 huko Richland, Marekani, na daktari Lewis Zirkle, limesambaza misumari inayoweza kufungwa skrubu bila mashine ya eksirei chumbani, na maelfu ya miundi imeunganishwa hivyo. Kwa mwenye goti bandia njia hiyo kwa kawaida imezibwa. Msumari huingilia juu, mbele ya muundi, mahali ambapo sasa pana kitako, shina na saruji. Kulazimisha njia hapo kunaweza kulegeza kiungo kilichokuwa kizima.

Kwa hiyo bamba ndilo hushika nafasi. Bamba zinazofaa ni zile ambazo kichwa cha skrubu hujifunga kwenye bamba lenyewe kwa nyuzi, hivyo skrubu na bamba huwa kitu kimoja hata katika mfupa laini. Pale shina linapozuia skrubu kupita upande wa pili, skrubu fupi zinazoshika ganda moja tu hutumika, au skrubu ndefu huelekezwa pembeni mwa shina. Bamba huingizwa kwa kuteleza chini ya ngozi kupitia tundu dogo, ili ngozi yenye kovu isifunuliwe tena yote. Lazima liwe refu lipite shina na kuendelea chini, kwani kuacha pengo fupi kati ya shina na bamba ni kutengeneza mahali papya pa kuvunjika.

Mahali ambapo ngozi imeharibika, kiunzi cha nje hutangulia. Pini huingizwa mfupani na kuunganishwa na fito nje ya mguu, mfupa ukatulia huku jeraha likisafishwa. Kanuni moja haivunjwi: pini hazikaribii saruji wala kitako. Matundu ya pini huingia vijidudu mara kwa mara, na tundu lililo jirani na goti huvipeleka kwenye kiungo. Ikiwa ngozi ya juu ya muundi imekufa, msuli wa ndani wa shavu la mguu unaweza kugeuzwa kutoka nyuma, ukaletwa mbele kufunika mfupa na chuma, kisha ukapandikizwa ngozi.

Kuvuta kwa uzito ni njia kongwe na bado ina kazi. Pini moja hupitishwa kwenye mfupa wa kisigino, kamba hufungwa, hupitishwa kwenye kapi mwishoni mwa kitanda, na kilo chache huning'inizwa. Mguu hulala juu ya fremu, mfupa hurudi kwenye urefu wake, uvimbe hushuka. Muundi wenye goti bandia unaweza kungoja hivyo kwa siku kadhaa ukiwa salama mpaka bamba, daktari au ndege vipatikane.

Madaktari na wauguzi wa Sudan Kusini wana ujuzi mkubwa wa njia hizi, walioupata kwa gharama kubwa. Kuanzia 1987 hadi 2006 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliendesha hospitali ya Lopiding, Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, ambako majeruhi wa vita vya kusini mwa Sudan waliletwa kwa ndege. Baada ya uhuru wa 2011, mapigano ya Desemba 2013 na Julai 2016 yalijaza wodi za Juba majeraha ya risasi. Muundi uliopigwa risasi hutibiwa kwa kuoshwa, kuachwa wazi siku kadhaa, kutulizwa kwa plasta, uzito au kiunzi cha nje, na kufungwa jeraha likiwa safi. Nidhamu hiyo ndiyo inayohitajika kwa goti bandia lenye mvunjiko wa wazi.

Goti lililolegea

Kiungo kikiwa kimelegea, plasta na bamba peke yake havitoshi. Mfupa unaweza kuunga na mgonjwa bado asitembee. Katika kundi la kwanza B na la pili B, kitako hung'olewa, saruji husafishwa, na kitako kipya chenye shina refu huwekwa. Shina hilo hupita mvunjiko na kuendelea chini kwa urefu usiopungua upana wa mfupa mara mbili, ili uzito ubebwe na sehemu nzima. Mashimo hujazwa mfupa wa kupandikiza au vipande maalumu vya chuma. Katika kundi la tatu B, ambapo mvunjiko uko mbali chini, madaktari wengi huacha mfupa uunge kwanza, kisha hubadilisha goti. Ikiwa kuna usaha, kazi hugawanywa mara mbili: kwanza chuma chote hutoka na saruji yenye antibiotiki huwekwa mahali pake, na goti jipya husubiri hadi maambukizi yaishe.

Upasuaji huu unahitaji boksi kamili la vipande vya saizi nyingi, damu ya kutosha, maabara ya kuotesha vijidudu na timu iliyouzoea. Katika ukanda huu hospitali zinazobadilisha magoti ni pamoja na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa 1996, na, nchini Kenya, hospitali za Nairobi na ile ya Kijabe.

Rufaa inayofaa

Mgonjwa anayesafiri kutoka Juba huandaliwa kwa mpangilio. Mguu uwe umetulizwa, jeraha limeoshwa, na hatari ya misuli kubanwa imepita. Plasta mpya hupasuliwa pande zote mbili kabla ya kupanda ndege, maana uvimbe huweza kuongezeka angani. Mashirika mengi ya ndege hudai hivyo kwa plasta iliyofungwa siku moja au mbili nyuma. Dawa ya kuzuia damu kuganda hupangwa, kwa kuwa mvunjiko, kulala na kukaa muda mrefu vyote huigandisha. Ndege hufika Entebbe au Nairobi kwa muda usiozidi saa mbili. Barabara ya kutoka Juba hadi Nimule, kwenye mpaka na Uganda, ni ya lami tangu 2012, lakini safari yote ya gari hadi Kampala ni ndefu kwa mguu ambao haujashikiliwa vizuri.

Bahasha ya rufaa iwe na picha za zamani na mpya, nakala ya vibandiko vya kiungo, tarehe na mahali pa upasuaji wa kwanza, majibu ya majimaji ya goti, orodha ya dawa, na maelezo ya mapigo na neva. Barua itaje kundi na herufi. Daktari anayepokea akisoma "kundi la pili B", anajua ni shina gani la kuagiza kabla mgonjwa hajatua.

Kupona

Muundi wa mtu mzima huchukua miezi 4 hadi 5 kuunga, na wa mzee au mvutaji huzidi hapo. Tumbaku, ikiwa sigara au shisha, hupunguza damu inayofika mfupani, na kisukari kisichodhibitiwa hukaribisha vijidudu. Chakula chenye protini, maziwa, samaki, maharage na mayai, kina nafasi sawa na dawa.

Mazoezi huanza mapema kadiri tiba inavyoruhusu. Goti lililofungwa muda mrefu hukakamaa, na goti bandia lililokakamaa halirudi kwa urahisi. Aliye na bamba imara hukunja goti ndani ya siku chache ingawa hakanyagi. Aliye na plasta hukaza msuli wa paja mara nyingi kwa siku na kuchezesha vidole. Kituo cha urekebishaji wa viungo cha Juba, kilichofunguliwa 2009 kwa msaada wa Msalaba Mwekundu, hutoa magongo, vishikizo na mafunzo ya kutembea, na kwa mgonjwa wa namna hii kina umuhimu sawa na chumba cha upasuaji.

Mvunjiko huhesabiwa kuwa umepona mgonjwa anapokanyaga bila maumivu mahali palipovunjika na eksirei za pande mbili zinapoonyesha mfupa mpya umeziba angalau pande tatu kati ya nne. Maumivu yakibaki goti lenyewe linapobeba uzito wakati mfupa umeunga, swali la kiungo kulegea huulizwa tena. Baada ya hapo mgonjwa hupigwa picha kila mwaka, na maumivu mapya au uvimbe havisubiri tarehe ya kliniki. Nyumbani, taa ya usiku, msala wenye pa kushika na njia isiyo na vizuizi humpunguzia hatari ya kuanguka. Na safari za bodaboda huachwa mpaka mguu uweze kusimama peke yake.